Akaunti ya mama, hela ya mtoto

Mpwa wangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Jumamosi moja alibisha hodi kwangu saa moja asubuhi, saa ambayo vijana wa umri wake hawajulikani walipo isipokuwa kitandani. Shikamoo yake ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Akakaa, akanywa chai, akaifuta simu kwa pindo la shati, ndipo akasema: "Mjomba, naomba nipige picha kitambulisho chako cha NIDA. Mbele na nyuma."

Nikaweka kikombe chini. Cha nini? Akanisogezea simu. Kumbe huwa anachora nembo za biashara kwa simu hiyohiyo, iliyopasuka kioo kwenye kona. Mtu mmoja wa nje anayeuza sabuni za mikono alimpa kazi, akaipenda, akamlipa dola 45. Hela ilikuwa imeingia kwenye akaunti yake ya malipo ya mtandaoni, inaonekana, tarakimu za kijani kabisa. Alipobonyeza kutoa, ukafunguka ukurasa mwingine: weka picha ya kitambulisho, kisha jirekodi ukigeuza uso kulia na kushoto. Siku anafungua akaunti alijiandika kuwa amezaliwa 2001. Kampuni siitaji, na si ile kubwa ambayo wengi mmeshaifikiria.

"Na uso je?" nikamwuliza. "Nao nikuazime?"

Huko alikuwa hajafika. Nikamkatalia, kwa sauti ya mtu mzima anayejua anachokisema. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa mjomba, mtu wa miaka 16 anapokelea wapi hela yake?"

Wavuvi wa pwani wana dema, ule mtego wa kusuka. Mdomo wake ni mpana, samaki anaingia bila kusukumwa, na akiwa ndani ndipo anapoanza kuutafuta mlango. Akaunti nyingi za malipo ya mtandaoni zina umbo hilo. Kuingia wanataka barua pepe, namba ya simu, jina, na tarehe ya kuzaliwa unayojiandikia mwenyewe huku hakuna anayekutazama. Wanaanza kukutazama siku unapotaka kutoa, au miamala yako ikishafika kiwango fulani. Huu si uzembe, ni hesabu. Kumkagua mtu kunagharimu, na kila swali linaloongezwa mlangoni linapunguza wanaoingia. Hata sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha, ambazo nchi nyingi hufuata mapendekezo ya FATF, chombo cha kimataifa kilichoundwa Paris mwaka 1989, zinakubali ukaguzi ulingane na hatari: salio dogo, maswali machache.

PayPal, ile kampuni kubwa ya malipo ya mtandaoni, ilipokuwa changa ilikwenda mbali zaidi. Ilikuwa inampa kila anayejisajili dola 10, na nyingine kwa kila mtu aliyemleta. Watu wakaja, na wezi wakaja nao, na hasara ndiyo iliyowafundisha kazi ya ukaguzi. Ule utaratibu wa kukutumia benki malipo mawili madogo ya senti za kubahatisha, kisha kukuuliza kila moja lilikuwa senti ngapi ili uthibitishe kuwa akaunti ni yako, ulizaliwa katika vita hivyo. Kufika mwaka 2002 kampuni ilikuwa imenunuliwa na eBay kwa dola bilioni 1.5. Tangu hapo wote waliofuata wamejenga hivyohivyo, mlango wa mbele mwepesi na mlango wa nyuma mzito.

Kwa mtu mzima huo ni usumbufu wa siku mbili. Kwa mtoto aliyeongeza miaka minane ni jambo jingine. Uongo wake haukumzuia kufanya kazi wala kulipwa. Ulimsubiri hadi hela ilipokuwa yake.

Lakini kwa nini iwe 18? Wengi hudhani ni suala la maadili, kwamba mtoto asichezee hela. Ukweli ni kwamba kampuni zinaogopa kukosa wa kumdai. Mwaka 1895 huko Calcutta, kijana aitwaye Dharmodas Ghose, ambaye kisheria alikuwa bado mtoto, aliweka rehani nyumba zake kwa mkopeshaji kwa rupia 20,000. Mtu wa mkopeshaji alikuwa ameshaarifiwa umri wa kijana, akaendelea tu. Kesi ikapanda hadi kwenye Baraza la Mfalme, London, na mwaka 1903 majaji wakasema mkataba wa mtoto si mkataba, ni kama karatasi haikuandikwa. Mkopeshaji akakosa rehani, na hela yake pia hakurudishiwa. Sheria iliyotumika ilikuwa Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ileile aliyotuletea Mwingereza. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ni mwanawe, na mpaka leo inasema anayeweza kufunga mkataba ni aliyefikia umri wa utu uzima.

Kila unapobonyeza "nakubali" unafunga mkataba. Na mkataba huo una sehemu moja inayouma: malipo ya kadi yanaweza kurudishwa. Mwenye kadi akienda benki yake akasema hakuidhinisha muamala, benki inavuta hela, na aliyepokea ndiye anayebaki kujieleza, pengine wiki au miezi baada ya kuitumia. Akaunti yake inasoma chini ya sifuri. Kama mwenye akaunti ana miaka 40, anadaiwa. Kama ana miaka 16, kampuni imekuwa mkopeshaji wa Calcutta. Pesa za simu tulizozizoea huku hazina tabia hiyo kwa kiasi kile. Ukituma kimakosa na mwenzako akaenda kwa wakala akatoa, imekwisha hiyo, umebaki na kumbembeleza. Ndiyo maana kijana aliyekulia kwenye M-Pesa haelewi kirahisi kwa nini dola iliyoingia jana inaweza kutoka yenyewe kesho.

Salio lenyewe nalo linadanganya macho. Si noti zilizopangwa mahali na jina lako juu yake, ni mstari kwenye daftari la kampuni. Kwa upande wa Tanzania hela halisi iko benki, kwenye akaunti ya amana, kwa mujibu wa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 na kanuni zake: shilingi inayosomeka kwenye simu ya mteja lazima iwe na shilingi mwenzake benki, na kampuni ya simu haina ruhusa ya kuila. Mwaka 2014 Tigo walipoanza kuwagawia wateja faida ya hela hiyo ndipo wengi wetu tulipojua kwamba kumbe kuna hela imelala mahali inazaa. Sasa kama salio ni mstari tu, kiasi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni jina lililoandikwa kwenye mstari huo.

Na hapo ndipo sheria zetu zinapogongana bila mtu kusikia kishindo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na sheria hiyohiyo inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Kwa hiyo kati ya miaka 14 na 18 kuna miaka minne ambayo Mtanzania anaruhusiwa kufanya kazi na anastahili kulipwa, lakini kitambulisho cha taifa hana, na mkataba wa mahali pa kupokelea malipo hawezi kuufunga. Zamani pengo hili halikuonekana kwa sababu ujira ulikuwa noti mkononi. Aliyemsaidia fundi baiskeli Jumamosi alilipwa palepale, akaenda zake. Leo kazi yenyewe iko kwenye simu na mteja yuko ng'ambo.

Vijana hawajakaa kusubiri pengo lizibwe. Wameziba kwa laini ya mama.

Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, zile foleni tulizopanga hadi ukomo wa Januari 20, 2020, laini ya mtoto kihalali husajiliwa na mzazi au mlezi. Katika nyumba nyingi hata hilo halikufanyika rasmi. Mtoto alirithi tu laini ya zamani ya kaka, au mama alisajili mbili akampa moja. Siku ile nilimwambia dada yangu apige *106# aone laini zilizo kwenye namba yake ya NIDA. Zikatoka nne. Moja anayo, moja anayo mwanawe, moja alidhani ilikufa zamani, na ya nne hadi leo hatujui ni ya nani.

Sasa fikiria kinachopita kwenye laini hiyo ya mwanawe. Kubeti, kwa mfano. Sheria ya michezo ya kubahatisha inamkataza aliye chini ya miaka 18. Lakini kampuni ya kubeti haimwoni kijana, inaiona laini, na laini inasema ni mwanamke wa miaka 43, mfanyabiashara ndogondogo, ambaye kwa sababu anazozijua mwenyewe amefuatilia ligi ya Ubelgiji saa saba usiku. Kizuizi cha umri kipo, kinafanya kazi vizuri sana, kinamkagua mtu ambaye hachezi. Salio likipungua, na kama mama alishajiunga na Songesha, mtandao unajazia pale palipopelea na deni linaandikwa kwa jina lake. Akija mtu kumwambia kijana, "Nipokelee hela kwenye laini yako, ukate elfu tano yako, inayobaki unirushie," na hela ile ikawa ya mtu aliyetapeliwa kwa ile meseji ya "tuma kwenye namba hii", basi aliyetapeliwa ataripoti kwa kuituma namba hiyo kwenda 15040, laini itafungwa, na atakayetafutwa ni mama.

Hoja ya wanaotaka mlango ubaki umefungwa hadi miaka 18 ni kwamba wanamlinda mtoto. Naiheshimu hoja hiyo, ila sioni inamlinda nani. Mfumo unaomjua mtoto kuwa ni mtoto unaweza kumfungia kubeti, kumfungia mikopo, kumwekea kiwango cha siku, kumpa mzazi taarifa. Mfumo unaoamini kuwa yeye ni mamake hauwezi kumfanyia hata kimoja. Tarehe ya kuzaliwa ya kweli ndiyo kufuli yenyewe, na sisi ndio tunaomfundisha kuitupa, mara nyingi tukimshikia simu huku tunamwambia, "Weka mwaka wowote, hawaangalii."

Wengine wameshalifanyia kazi. Marekani, Cash App, huduma ya kutumiana hela kwa simu, ilishusha umri hadi miaka 13 mwezi Novemba 2021, na Venmo, ambayo ni mali ya PayPal, ikafuata Mei 2023. Siri yake ni kurudi kwa yule mkopeshaji wa Calcutta na kumtafutia mtu wa kudai: mkataba ni wa mzazi, kadi ni ya mtoto, mzazi anaona kila muamala na anaweza kuifunga. Jirani zetu Kenya, Safaricom ina M-PESA Go kwa wenye miaka 10 hadi 17, kwa ridhaa ya mzazi. Kwetu benki zina akaunti za watoto. NMB ina Chipukizi kwa miaka 13 hadi 17, CRDB ina Junior Jumbo. Tusijidanganye kwamba ni huruma. Mteja aliyekupata akiwa na miaka 13 ana miaka 50 ya kukulipa ada.

Lakini zitazame vizuri huduma hizo, utaona kwamba kijana anayewaziwa humo ni mmoja: anayepewa na baba na kwenda kutumia. Hela inashuka kutoka juu, inatoka dukani. Anayewaziwa kwenye akaunti nyingi za benki ni mdogo zaidi, mzazi anamwekea akiba ya ada na yeye haigusi. Kijana anayetafuta mwenyewe, ambaye hela inamjia kutoka kwa mtu asiyemjua, hajachorwa popote. Kumwezesha mtoto atumie, hilo sekta nzima imeliweza mapema sana, wakati mwingine kupita kiasi. Mwaka 2014 Apple ilikubali kurudisha angalau dola milioni 32.5 kwa wazazi wa Marekani ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya michezo ya simu bila ruhusa, na Google ikakubali kurudisha angalau milioni 19 mwaka huohuo. Desemba 2022 ikawa zamu ya Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite: jumla dola milioni 520, kati yake 245 zikiwa za kuwarudishia wanunuzi. Katika mashtaka ilielezwa kuwa kadi ya mzazi ilikuwa inahifadhiwa yenyewe, mtoto anabonyeza kitufe kimoja, imelipwa. Mzazi akienda benki kudai, akaunti ya mchezo inafungwa pamoja na vyote alivyonunua.

Kununua, basi, kitufe kimoja. Kupokea dola 45, kitambulisho mbele na nyuma na uso kulia na kushoto.

Huku kwetu kuna kufuli ya pili juu ya hiyo, na inawahusu hata wakubwa. Kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyosajiliwa Tanzania imekuwa ya kulipia, si ya kupokelea, wakati ya Kenya inapokea na tangu 2018 unaihamishia M-Pesa. Matokeo yake kuna vijana wa Mwanza na Mbeya ambao mtandaoni wanaishi Nairobi. Wana anwani ya huko, laini ya huko, wengine hata jina la huko, walilonunua kwenye kundi la WhatsApp pamoja na akaunti iliyokwisha kuthibitishwa na mtu mwingine. Hapo uongo ni miwili, wa nchi na wa jina, na aliyekuuzia akaunti anaweza kuidai siku yoyote kwa sababu sura iliyosajiliwa ni yake. Nimeshaona mtu mzima akilia kwa hilo, sembuse mtoto.

Ada nazo ziko upande wa wakubwa. Chukua viwango vya PayPal vya Marekani vilivyoanza Agosti 2021: malipo ya biashara kupitia kitufe chake ni asilimia 3.49 jumlisha senti 49. Kwa kazi ya dola 100 makato ni karibu dola 4. Kwa kazi ya dola 5, ambayo ndiyo kazi ya mtoto, makato ni senti 66, yaani asilimia 13. Bado hujabadili fedha, bado hujatoa kwa wakala. Mpwa wangu nilipomwandikia hesabu hiyo nyuma ya bahasha alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ni bora kukusanya kazi kumi ndipo alipwe mara moja. Ni bora. Hakufundishwa hilo darasani.

Ningekuwa na sauti Benki Kuu ningeomba kitu kimoja tu, na si kigeni, maana kanuni zetu za fedha za kielektroniki tayari zina madaraja ya akaunti kufuatana na kiasi cha taarifa ulizotoa. Liongezwe daraja la miaka 14 hadi 17. Jina la mtoto mwenyewe na tarehe yake ya kweli kutoka kwenye cheti cha kuzaliwa. Mzazi au mlezi asaini na abebe deni. Kupokea kuruhusiwe, hata kutoka nje, kwa kiwango cha chini. Kubeti na mikopo vifungwe kwenye mtambo, si kwa tangazo la "miaka 18 na kuendelea" chini ya bango. Na ikifika siku ya kuzaliwa ya 18, hela na kumbukumbu zake zihamie kwake bila kuomba. Kampuni za simu zitalalamika kuhusu gharama. Zilalamike, wakati wa kuuza vifurushi vya usiku kwa watoto haohao sikusikia malalamiko.

Mpwa wangu tulimalizana hivi. Nilimkalisha akaiandikia kampuni ukweli: umri wake, jina lake, na kwamba alidanganya mwaka. Walimjibu baada ya siku tatu kwa barua ya kistaarabu sana, wakaifunga akaunti, na dola 45 zikarudi kwa muuza sabuni. Nilidhani huo ndio mwisho. Muuza sabuni, Mungu amjaalie, akauliza azitume wapi tena.

Dada yangu akafungua akaunti yake, kwa jina lake na kitambulisho chake. Alijirekodi uani kwenye mwanga, akigeuza uso kulia na kushoto huku jirani akimtazama juu ya ukuta. Hela ikaja, makato yakakatwa, ikaingia kwenye simu yake laki moja na elfu tano na ushee. Jioni ile mwanawe akamfuata jikoni.

"Mama, ile hela imeingia?"

"Imeingia. Elfu sitini nimelipa twisheni. Iliyobaki ipo."

"Lakini mama, si ni yangu?"

"Nani kakataa?" Dada akamnyooshea simu, mkono mwingine ukigeuza samaki kwenye kikaango. "Chukua, nenda kwa wakala ukatoe."

Kijana akaipokea, akaenda hadi mlangoni, akasimama. Namba ya siri hakuwa nayo.